Mama mkandaji wa Uyole: kwa madereva wenzangu wenye migongo mibovu

Nimeulizwa sana habari za yule mama wa Uyole, Mbeya, hasa kwenye foleni ya mpakani Tunduma ambako mtu akishapiga stori za tajiri wake na za mizani ya Mpemba, kinachobaki ni kusimuliana mgongo. Anakanda vipi? Anaponya kweli? Bei gani? Naandika hapa mara moja ili atakayeniuliza tena nimtumie.

Kwanza tuelewane. Ukitamka "masaji" mbele ya madereva utaona macho yanakonyezana. Hapa hakuna hayo. Huyu ni mama mtu mzima, Mnyakyusa wa upande wa Tukuyu aliyehamia Uyole zamani. Anakandia chumba cha mbele cha nyumba yake, mjukuu anafanya hesabu za shule upande wa pili wa pazia la kanga, na kuku wanaingia bila hodi. Hana bango wala cheti ukutani. Jina lake silitaji kwa sababu ameniomba nisilitaje, na baadaye mtaona kwa nini namwelewa.

Mimi ni Mhehe wa Kalenga, dereva wa semi, njia ya Dar hadi Tunduma na mara nyingine ng'ambo. Tunapanda na mbolea au salfa ya migodini, tunashuka na shaba. Ugonjwa wangu wengi wenu mnao: unaanza kiunoni upande wa kulia, unashuka kwenye kalio, unapita nyuma ya paja mpaka kwenye kigimbi, unachoma. Ukiwa Kitonga unauvumilia kwa sababu akili yote iko barabarani. Ukifika Makambako ukasimama kunywa chai, ndipo unagundua huwezi kunyooka.

Kabla ya kumjua mama huyu nilikwenda sehemu moja mjini Mbeya, nzuri kwa macho. Vigae vyeupe, taulo safi, muziki wa maji yanayotiririka. Ukutani kuna orodha: masaji ya Uswidi dakika 60, mawe ya moto dakika 90, na kuendelea. Binti aliyenihudumia alikuwa na adabu na mikono yenye nguvu, na alikuwa amesomea. Nikamwambia, "Dada, inauma hapa kulia." Akasema, "Sawa kaka, tutafika huko." Akawasha saa ya simu. Tukaanza mabegani, tukashuka kwa mpangilio, na kweli tulifika huko, akapakanda kulia na kushoto kwa dakika zilezile, kisha akahamia miguuni. Simu ikalia, tukamaliza. Nilitoka nanukia vizuri na usiku nililala fofofo. Kesho yake kabla sijafika Chimala maumivu yalikuwa yamerudi palepale.

Simlaumu binti. Alifanya alichofundishwa, na alichofundishwa si cha kudharau. Hiyo masaji ya Uswidi nilikuja kusoma habari zake kwenye simu: wengi humsifia Msweden Per Henrik Ling, lakini mitindo yake ya mikono, kupapasa, kufinyanga, kusugua, kupigapiga, iliwekwa kwenye mpangilio na majina ya Kifaransa na daktari Mholanzi, Johan Georg Mezger, katika karne ya 19. Imekaa miaka yote hiyo kwa sababu inalegeza misuli. Shida yangu ni kwamba mpangilio ule ulikuwa umeshaamua utapita wapi kabla mimi sijavua shati.

Sasa kwa mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, ndaga. Karibu ndani, vua shati, lala kifudifudi."

Nikaanza kumweleza inauma wapi. Akanikatiza kwa upole: "Ngoja kwanza." Akaweka kiganja kiunoni, akatulia. Hakubonyeza wala hakusugua. Jikoni sufuria ilikuwa inachemka, juu mvua inapiga bati, na mkono umekaa tu. Nilidhani amesinzia. Baadaye akausogeza shibiri moja, akatulia tena. Akapita mgongo wote namna hiyo, kisha akalinganisha makalio mawili kwa nyuma ya mkono, kulia, kushoto, akarudi kulia.

Ndipo akauliza: "Unakalia nini hapa?"

"Kiti cha gari, mama."

"Siyo kiti. Kiti kingekubana pande zote. Huku kulia kuna kitu."

Suruali yangu ilikuwa imetundikwa kwenye msumari. Akaitazama, mimi nikaitazama. Mfuko wa nyuma wa kulia ulikuwa na pochi nene: leseni, kwacha, risiti za mafuta, kopi za pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, picha za watoto. Nimeikalia pochi ile tangu nilipokuwa utingo. Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Wataalamu wa mifupa na misuli wanalijua jambo hili, si muujiza. Ndani ya kalio kuna msuli unaoitwa piriformisi, na kwa watu wengi mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni unapita chini yake. Ukiinua kalio moja kwa pochi na kulikalia saa kumi, nyonga inapinda, msuli unakaza, mshipa unabanwa, na unaanza kuimba wimbo wa mguu unaochoma. Daktari yeyote mwenye muda angeweza kuniambia. Lakini hakuna aliyeniuliza nakalia nini, kwa sababu swali hilo halimo kwenye fomu, na mimi nisingelisema kwa kuwa sikujua kwamba ni habari.

Halafu akafanya jambo lililoniudhi. Badala ya kukanda kulia, akanigeuza chali, akaingia kwenye kinena cha kushoto, kwenye kile kimsuli kinachoinua paja, kisha akashuka kwenye kigimbi cha mguu huohuo. Nikasema mama, inauma kulia. Akajibu bila kuinua kichwa: "Kulia kunalia, kushoto ndiko kunakovuta."

Mguu wa kushoto ndio wa klachi. Anayeendesha njia hii anajua klachi inakanyagwa mara ngapi kwenye foleni ya Mafiati peke yake.

Mafuta anayotumia ni ya parachichi, analetewa na ndugu zake wa Rungwe, anayapasha kwenye jiko la mkaa. Anabonyeza kidogo kuliko yule binti wa mjini. Anasubiri sana. Ukikaza pumzi anaondoa mkono: "Ukishikilia pumzi mimi natoka." Hapo unapumua, anarudi. Kuna mahali alikaa muda mrefu na kidole kimoja bila kukisogeza, nikahisi msuli unaachia wenyewe taratibu, na ule moto wa mguuni ukapungua mpaka kwenye goti. Haukwisha. Ulipungua.

Safari iliyofuata nilikwenda nimejiandaa, najua tutaanza kiunoni. Akaanza shingoni. Nikauliza, mama, mbona leo umeanza huku? Akasema, "Ningejua nitaanzia wapi kabla hujalala, nisingekuambia ulale."

Nimelifikiria neno hilo kuliko nilivyofikiria mahubiri mengi. Nililielewa kwa njia ya kazi yangu: ukishuka Inyala na shaba mgongoni, shule ya udereva imekwambia ushuke kwa gia ndogo, na ni kweli, asiyejua hilo asishuke. Lakini gia ipi, na lini, hukuambiwa na mtu. Unasikia injini, unasikia tela linavyokusukuma kwenye kiti, unanusa breki, unaamua. Utingo wangu akiniuliza nilijuaje, sina jibu la maana. Mama naye nilipomwuliza anajuaje, akasema mkono unaambiwa. Nikasema unaambiwa na nani? "Na wewe. Nani mwingine yumo humu?"

Kwa hiyo nina mawazo yangu, wenye kubisha wabishe. Yeye anasema ni kipaji, alikipata kwa bibi yake aliyekuwa mkunga. Mimi naona ni mikono iliyoshika miili mingi kwa miaka mingi mpaka ikajua kutofautisha ugumu wa uchovu na ugumu wa kubanwa, pamoja na subira ambayo watu wa kulipwa kwa saa hawawezi kuwa nayo. Huenda tunasema kitu kimoja.

Baada ya hapo nilitumia siku za foleni kusoma habari za waganga wa mikono wa nchi nyingine, na nikakuta ugomvi huu wa kusikiliza na kanuni upo hata kwa Wajapani. Kuna kitu kinaitwa Reiki, kilianzishwa na Mikao Usui mwaka 1922. Anayetoa huduma anaweka mikono juu ya mwili au karibu nao, akiamini kuna nguvu inayopita. Kwa Wajapani yapo mazoezi yanayoitwa byosen: mkono unapita taratibu mpaka usikie joto au kuchomachoma, na hapo ndipo unakaa. Baadaye ikaja michoro ya mahali pa kuweka mikono, kichwa, kifua, tumbo, mgongo, kwa zamu. Mwanafunzi wa Usui, Chujiro Hayashi, mwanajeshi wa zamani wa majini, ndiye anayetajwa sana kwa kuipanga, na Hawayo Takata akaipeleka Hawaii kabla ya Vita Kuu ya Pili, kutoka huko ikasambaa. Utafiti haujathibitisha kwamba nguvu hiyo ipo, nami siitetei. Nilichokipenda ni kuona jinsi jambo lililoanza kwa mkono unaotafuta linavyogeuka kuwa ratiba pale watu wanapokuwa wengi.

Si tuliona wenyewe mwaka 2011? Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila alisema ameoteshwa dawa, na magari kutoka kila pembe yakakimbilia Samunge, Loliondo. Kikombe shilingi 500. Mwenye kisukari kikombe kimoja, mwenye pumu kikombe kilekile, mwenye presha kilekile. Kwa foleni ya kilomita nyingi namna ile, nani angeweza kukaa na mtu mmoja akamsikiliza? Hii ndiyo sababu namwelewa mama anapokataa bango. Akipata wateja 30 kwa siku naye atawasha saa ya simu.

Lakini msinielewe kwamba kila anayesema "nasikia kwa mkono" ni wa kuaminiwa. Kuna mkandaji mwingine, sitasema wapi, alinishika bega dakika mbili, akafumba macho, akaniambia kuna mtu wa ukoo wangu, mweusi, mfupi, ana duka, amenifunga mgongo. Mjomba wangu ni mweusi, mfupi, na ana duka. Nusu ya wajomba wa Iringa wako hivyo. Nikavaa shati nikaondoka. Hiyo ndiyo ramli chonganishi ambayo serikali imeipiga marufuku, na kwa mikoa yetu hii mnajua maneno ya namna ile yanaishia wapi. Tofauti yake na mama ni nyepesi kuiona ukiijua: mama anachokisikia kiko chini ya kiganja chake, unaweza kukikagua. Pochi ilikuwemo mfukoni. Yule mwingine alichokisikia kiko kwenye duka la mjomba.

Kilichonifanya nimwamini mama zaidi hakinihusu mimi. Utingo wangu, kijana mwenye nguvu, alikuwa anaburuta mguu baada ya kushusha mifuko ya mbolea. Nikampeleka nikiwa na uhakika. Mama akaweka mkono kiunoni kwake, akatulia kama kawaida, kisha akaondoa haraka. Akamwambia akanyage kwa visigino, akashindwa mguu mmoja. Akamwuliza kama haja ndogo anaimudu. Kijana akaona aibu, hakujibu vizuri.

"Huyu simgusi," akaniambia. "Mpeleke Rufaa leo. Siyo kesho, leo."

Tukapanda bajaji mpaka Hospitali ya Rufaa. Kilikuwa kisahani cha katikati ya pingili za uti wa mgongo kimetoka mahali pake na kukandamiza mishipa, na daktari alituambia mambo mawili ambayo kila dereva na kila utingo ayashike: mguu unaopoteza nguvu, na mkojo au choo kisichozuilika au ganzi sehemu za siri, hayo si ya kukandwa na mtu yeyote, ni ya dharura. Kijana alitibiwa, kisha akapewa mazoezi ya fiziotherapia kwenye karatasi: hili mara 10, hili mara 10, asubuhi na jioni, bila kubadilisha. Kanuni tupu. Na zilimsaidia. Nilipomsimulia mama, hakuona ajabu yoyote, akauliza tu kama kijana anayafanya kweli au anadanganya. (Alikuwa anadanganya. Sasa anafanya.)

Mapungufu yapo na hayafichiki. Mama hana simu, na hataki. Unakwenda, ukimkuta umemkuta. Akina mama wenye watoto wachanga wanapita mbele yako hata kama wewe umefika alfajiri, na ukilalamika unaonekana huna malezi. Chumba kina baridi kali Juni na Julai, beba sweta la kuvaa ukimaliza. Hafuati muda: siku moja utakaa nusu saa, siku nyingine utatoka mchana umeshaingia. Haelezi anachofanya, na mtu anayependa kuelezwa atachukia.

Kubwa kuliko yote, anaweza kukurudisha. Kuna siku nilifika nina mzigo, tajiri anapiga simu kila saa, nimeegesha kwa tabu, akanitazama akasema, "Leo siwezi, mwanangu. Nimelala msibani, mikono haisikii. Nikikushika nitakuwa nafinya nyama tu." Nikamwambia basi mama finya hivyohivyo, nina safari. Akakataa. Nilikasirika, na sisi Wahehe kwa hasira tunajulikana. Kibiashara ni huduma mbovu, sitamtetea. Ningependa angalau awe na kitochi tujue kama yupo. Lakini nikijiuliza ningempa usukani dereva aliyekesha msibani, jibu nalijua, ila siku ile sikutaka kulisikia.

Bei: alikuwa ananitoza shilingi 15,000. Wenyeji wengine wanalipa kwa mchele wa Kyela au sukari na hasemi kitu. Mjini nililipa 40,000. Siwezi kusema mjini wameniibia. Kodi ya fremu na mashine ya kufulia taulo si bure, na kwa mtu aliyechoka tu, asiye na ugonjwa, ningemwambia aende kule kwenye taulo. Atalala vizuri. Kwa maumivu yenye historia, yanayorudi palepale, nenda Uyole.

Mimi sasa mgongo unauma mara chache, na mguu hauchomi tena isipokuwa nikiunganisha safari bila kupumzika. Pochi inakaa kwenye dashibodi. Mke wangu Kalenga nimemfundisha kile kidogo ninachokielewa, yaani kuweka kiganja na kusubiri kabla ya kubonyeza. Mwanzoni aliona nampotezea muda, ana ng'ombe wa kukamua. Siku hizi ananiambia upande upi umekaza kabla sijamwambia, na mara nyingi yuko sahihi, ingawa mara nyingine anachosikia ni kwamba nimekula nyama choma Ilula bila kumwambia.

Nyota 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa ajili ya simu.

Kufika: usiingize semi mtaani, barabara ni nyembamba na mvua ikinyesha tope lake halina huruma. Egesha kabla ya njia panda, acha utingo kwenye gari, chukua bajaji upande wa barabara ya Tukuyu, na ukifika maduka ya mwanzo uliza mama anayekanda. Watoto wote wanamjua. Jumapili usijisumbue, ni Mmoravian wa kweli na ibada zao ni ndefu. Usimpigie kelele la honi getini. Na toa kila kitu mfukoni kabla hujalala, maana atauliza.